Je, Yafaa Mtu Kupanda Mlima Peke Yake?

Swali tunaloliweka mbele yenu mwezi huu si geni kwa watu wa Karatu, wala halikuanza kwa wasomi. Wazee wameliuliza barazani, akina mama wameliuliza watokapo ibadani, na vijana nao huliuliza kwa njia yao. Kila mwaka hufika kwetu watu wanaosafiri peke yao, bila mwenzi, bila ndugu, bila biashara. Wengine watoka Ulaya na Marekani. Lakini siku hizi wako pia watoto wa nchi hii, wafanyao kazi Arusha, Dodoma au Dar es Salaam. Hushuka katika basi mjini Karatu na mfuko mgongoni, hutafuta chumba Rhotia au Oldeani, na asubuhi yake waonekana wakikwea vilima kuelekea msitu. Ukimwuliza mmoja, “Waenda kwa nani?” atajibu, “Siendi kwa mtu.” Ukimwuliza, “Basi watafuta nini?” atajibu, “Natafuta utulivu.”

Jibu hilo huwatatiza wazee. Kwao njia ni kitu cha kumfikisha mtu kwa mtu: kwa mgonjwa, kwa wafiwa, mnadani, shambani, kanisani. Mtu atembeaye bila kwenda kwa mtu, na tena afurahie kutokukutana na mtu, huyu ni nani? Je, ana deni? Je, amegombana na mkewe? Je, akili zake ni timamu? Vijana nao hujibu kwamba wazee hawaelewi. Kwamba mjini hakuna mahali pa kusikia hata pumzi yako mwenyewe. Na kwamba mlimani ndiko moyo upatako kupumzika. Pande zote mbili huwaendea wachungaji, na kila upande wataka kuambiwa kwamba ndio wenye haki. Basi na tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza, tuwasikilize wazee, maana hawasemi upuuzi. Wazee wa Kiiraqw wakumbuka desturi ya zamani iitwayo metimani. Mtu aliyefikiwa na mambo fulani yaliyohesabiwa kuwa unajisi, kama vile kufiwa na mtoto, alitengwa na majirani kwa muda, wala hakushirikiana nao kama kwanza, hata siku zake zitimie. Injili imetufundisha kwamba mfiwa hakuwa najisi, bali alihitaji kufarijiwa. Na twamshukuru Mungu kwa mafundisho hayo. Lakini yafaa tujue kwamba mzee aliyekua akiiona desturi hiyo hawezi kulisikia neno “peke yangu” kama kijana wa mjini alisikiavyo. Katika masikio ya kijana ni neno la raha. Katika masikio ya mzee ni neno la msiba.

Tena wazee wanena habari ya hatari, nao wasema kweli. Mji wa Karatu uko kiasi cha meta 1,500 juu ya bahari. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro wapita meta 2,200, na katikati yake umesimama msitu mkubwa wenye ukungu. Msitu huo ndio unaozilisha chemchemi na vijito tunavyovitegemea. Nao ni maskani ya nyati, chui na tembo. Watu walio na mashamba kando ya msitu hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana tembo hushuka usiku katika mahindi yao. Kwa sababu hiyo, ndani ya hifadhi mgeni haruhusiwi kwenda porini kwa miguu peke yake. Yampasa kufuatana na askari mwenye bunduki. Mwenye kuidharau amri hii haonyeshi ushujaa. Akipotea, wako watu watakaoacha watoto wao nyumbani wakamtafute gizani.

Pili, tuwasikilize vijana, maana nao wana neno. Wako Wakristo wadhanio kwamba kupanda mlima pasipo kazi ni uvivu, au ni kuabudu vilima kama watu wa kale. Hilo si kweli. Bwana wetu, baada ya kuwalisha watu elfu tano, aliwaaga makutano akapanda mlimani peke yake kuomba. Someni Mathayo 14:23. Hakuwa na mgonjwa wa kumponya huko juu, wala mkutano wa kuuhubiri. Na katika kanisa letu la Kilutheri tunaye Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Leipzig, aliyeupanda Kilimanjaro mara nyingi sana, hata shimo la ndani kileleni Kibo likaitwa kwa jina lake. Mlima ni kazi ya mikono ya Mungu, na kuitazama kazi ya Mungu kwa shukrani si dhambi.

Tena uzuri wa nchi hii si jambo la kusimuliwa tu. Asimamaye ukingoni asubuhi, ukungu ukiinuka, huliona bonde lenye upana wa karibu kilometa 19 na kina cha kiasi cha meta 600, na makundi ya nyumbu chini yake ni kama punje za mtama zilizomwagwa juu ya mkeka. Aendaye kaskazini hupita Nainokanoka, kijiji cha wafugaji katika baridi ya milimani, ambako asubuhi husikii ila kengele za ng'ombe na sauti za watoto. Karibu nacho iko Olmoti. Mbele yake Empakaai, yenye ziwa ndani ya shimo lake. Na upande wa mashariki Loolmalasin, upitao vilele vyote vya nyanda hizi. Mwisho wa njia waonekana Oldoinyo Lengai, ambao Wamasai huuita mlima wa Mungu, uliotoa moto na majivu kwa nguvu nyingi mwaka 2007 na 2008. Mtu aonaye haya akabaki bila neno, tusimcheke. Huenda ni mara yake ya kwanza kunyamaza tangu utoto wake.

Basi kama pande zote mbili wana kweli, tutaamuaje? Twaona ya kuwa Maandiko hayaulizi tu kama mtu yuko peke yake, bali huuliza amekuja kufanya nini. Mfikirini Eliya, katika 1 Wafalme 19. Aliogopa, akakimbia, akamwacha mtumishi wake Beersheba, akaenda jangwani peke yake, hata akafika Horebu, mlima wa Mungu. Mungu hakumkemea kwa kupanda. Alimlisha njiani, akampa usingizi, akasema naye katika utulivu. Lakini alimwuliza mara mbili alikuwa akifanya nini pale. Eliya akajibu kwamba amesalia yeye peke yake. Ndipo Mungu alipomrudisha alikotoka, akampa kazi ya kufanya, akampa Elisha kuwa mwenzake, akamjulisha kwamba wako watu elfu saba ambao yeye hakuwahesabu.

Katika habari hiyo jibu letu limo lote. Upweke wa Eliya ulikuwa na kweli ndani yake, maana alikuwa amechoka. Na tena ulikuwa na uongo, maana alidhani amebaki yeye tu. Mungu aliuponya uchovu, akauondoa uongo. Mlima ulimfaa kwa sababu alishuka.

Luther naye aliyajua haya kwa maisha yake. Tangu Mei 1521 hata Machi 1522 alifichwa katika ngome ya Wartburg, iliyo juu ya mlima, mbali na rafiki zake. Aliteseka humo kwa mwili na kwa roho. Lakini humo alilifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani kwa muda wa majuma kama kumi na moja, na watu wa kwao wakalisoma kwa lugha ya mama zao. Mwaka 1530 alikaa tena ngomeni, mara hii Coburg, huku wenzake wakiiungama imani mbele ya Kaisari mjini Augsburg. Kutoka huko alimwandikia kijana Hieronymus Weller, aliyekuwa mwalimu nyumbani kwake, ambaye moyo wake ulikuwa umelemewa na huzuni. Alimwonya aukimbie upweke, awatafute watu, azungumze nao na kufurahi nao, kwa maana Shetani humwinda aliye peke yake. Je, Luther alijipinga mwenyewe? La. Alijua kwamba upweke mmoja huzaa kitabu kwa ajili ya watu wote, na upweke mwingine humla mwenyewe hata mifupa.

Tatu, na hapa ndipo twataka kukaa kidogo, yafaa tuulize kama yuko mtu yeyote apandaye mlima peke yake kwa kweli. Vitabu husema kwamba tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, wa kwanza kuandikwa. Watu wawili! Lakini nyuma yao walikuwako wapagazi na viongozi wa njia, na katika kambi ya juu, penye baridi kali, aliwangojea Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani aliyezoea joto la minazi. Kama wale wawili wangalishuka wakakuta kambi tupu, tungalisimuliwa habari nyingine.

Ndivyo ilivyo hata leo. Kijana asemaye, “Nilitembea peke yangu siku tatu toka Nainokanoka hata Empakaai,” na afikiri tena. Askari alimtangulia. Mzee wa Kimasai aliongoza punda waliobeba hema na maji yake. Mama mmoja alimchemshia chai. Njia yenyewe ilikanyagwa na ng'ombe wa watu kwa vizazi vingi, ndiyo maana ilipitika. Hata utulivu ule alioupenda ulikuwa na wenye kuulinda, maana kijiji hakitulii kwa sababu hakina watu. Hutulia kwa sababu wazee wake wameamua magomvi chini ya mti, na vijana wake wamekesha kwa ajili ya simba, na mama zao wamegawana maji wakati wa kiangazi. Mgeni hukuta amani imekwisha kupikwa, akadhani imeota yenyewe kama uyoga.

Katika Laetoli, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, mwaka 1978 wataalamu waliokuwa pamoja na Mary Leakey walikuta nyayo katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, ambazo umri wake wahesabiwa kuwa kiasi cha miaka 3,600,000. Hatutaki kuanza hapa mabishano juu ya hesabu ya miaka. Twataka tu mtazame nyayo zenyewe. Ziko kama 70, katika njia ya urefu wa karibu meta 27. Nazo ni za wawili waliokwenda sambamba, na wa tatu aliyekanyaga ndani ya nyayo za mmoja wao. Hao waliopita hapa zamani hizo, majivu yakiwa bado laini, walifuatana.

Tena liko neno zito zaidi, nasi hatuwezi kulipita kwa kuwa twaandika habari za Ngorongoro. Msafiri apendaye upweke hupenda mahali pasipo watu. Hutazama uwanda mtupu akasema, “Hivi ndivyo Mungu alivyouumba.” Na ajue kwamba utupu huo una historia. Wadatoga walikaa nchi hii kabla ya Wamasai. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa Serengeti waliondolewa huko, na eneo la Ngorongoro likawekwa ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta waliamriwa watoke. Na tangu mwaka 2022 maelfu wamehamia Msomera katika wilaya ya Handeni. Serikali yasema kwamba ni kwa hiari yao, na wengine wamelalamika kwamba hiari hiyo haikuwa hiari. Gazeti hili la sharika si baraza la kuikata shauri hiyo. Lakini twasema hivi kwa kila mwenye dhamiri: usiuite ukimya wa mahali kuwa ni baraka yako kabla hujauliza ni nani aliyekuwa akisema mahali hapo. Wanyama wahitaji kulindwa, na msitu wahitaji kulindwa, maana bila msitu sisi wa Karatu tutakosa maji. Hata hivyo jirani aliyeondoka angali jirani, na macho ya Mkristo yapasa kumwona hata katika picha asimoonekana.

Sasa twageukia sharika zetu, maana haifai kumpima msafiri na kujiacha sisi wenyewe. Tumeshangaa sana juu ya mgeni apitaye peke yake kwa kupenda. Je, tumewashangaa wale wakaao peke yao bila kupenda? Yuko mama mjane juu kilimani, ambaye watoto wake wote wako mjini, na sauti yao huisikia kwa simu mwisho wa mwezi. Yuko mtoto achungaye mbuzi tangu alfajiri hata jioni, naye hana mtu wa kusema naye ila mbuzi. Yuko kijana aliyerudi toka mjini hana kazi, aketiye nyuma kabisa kanisani na kutoka kabla ya baraka. Yuko mwanamke ashukaye korongoni kuteka maji peke yake gizani, mwenye hofu kila siku, wala hakuna atakayemwandikia habari kama msafiri shujaa. Mgeni hulipa fedha ili apate siku tatu za upweke. Hawa wamepewa miaka bila kuomba. Tukiwa na maneno mengi barazani juu ya yule, wala hatuna hatua moja ya kuwaendea hawa, mashangao yetu hayana haki. Iraqw au Masai, Mmeru au Mchaga, tulioitwa mwili mmoja tusirudishe metimani kwa mlango wa nyuma, tukiwatenga watu kwa kuwasahau.

Basi, kwa ufupi, twajibu swali hivi. Yafaa mtu kupanda mlima peke yake, akiyashika mambo matatu.

La kwanza, asiende kama mtu asiye na mwenyewe. Amwambie mtu aendako na siku atakayorudi; amtii askari na kiongozi wa njia. Kumficha mama yako njia yako si uhuru. Ni kumtwika usiku wa mashaka ambao wewe hutaulala.

La pili, awaone watu wa mlima. Asalimu kwanza, ndipo atazame mandhari. Aulize jina la mzee amwongozaye, naye ataje jina lake. Amlipe mbeba mizigo ujira uliopatana, wala asijisifu kwamba alibeba mwenyewe. Mgeni wa namna hii hata wazee wetu hawatamwogopa, maana mgeni njoo, mwenyeji apone.

La tatu, ashuke. Na ashukapo, awe na kitu mkononi kwa ajili ya mtu: uvumilivu zaidi kwa mkewe, msamaha kwa ndugu waliyegombana, barua aliyoiahirisha, sala aliyojifunza kuiomba bila haraka. Kama baada ya milima kumi angali mkali kwa watu wa nyumbani kama kwanza, basi hakupumzika; alijificha tu. Na mwenye huzuni nzito, ambaye huenda mlimani kwa kuwa amechoka kuishi, huyo tusimwache aende hata hatua moja peke yake. Kwake shauri la Luther ndilo dawa ya kwanza: awe pamoja na watu. Nanyi mlio karibu naye, msingoje awaite.

Nanyi wazee wetu, twawaomba jambo moja. Kijana akishuka toka msituni, viatu vina tope na uso umetulia, msimwulize kwanza kama ana wazimu. Mkaribisheni chai, mkamwulize alichokiona. Huenda hakuna mtu mwingine aliyemwuliza kwa mwaka mzima. Na yeye, akiisha kusimulia, huenda atakumbuka kuwauliza ninyi mlichokiona katika miaka yenu yote mliyokaa chini ya mlima huo huo.

Mungu aliyemlisha Eliya njiani na kumrudisha kwa wenzake, awalinde wasafiri wote katika nyanda zetu, awakumbuke walioachwa peke yao vijijini, na kutufanya sisi kuwa mkono wake wa kuwafikia. Amina.